Familia ya Forger: kughushi au kufua?

Kati ya wanafunzi wa kitivo chetu wanaofuata anime ya SPY×FAMILY kuna mjadala ambao hauishi. Tangu sehemu ya tatu ianze kuonyeshwa, Oktoba 2025, umepata nguvu mpya. Unaanza kila mara kwa swali moja: je, wale watatu ni familia kweli, au ni watu watatu wanaodanganyana chini ya paa moja? Kambi ya kwanza inasema ni uwongo mtupu: ndoa ya karatasi, mtoto wa karatasi, na siku kazi ya baba itakapokwisha kila mtu atashika njia yake. Kambi ya pili inajibu kwamba uwongo ukikaa muda mrefu unageuka ukweli, na kwamba wale watatu wamependana mpaka udanganyifu umejifuta wenyewe.

Mimi sikubaliani na kambi yoyote kati ya hizo mbili. Ninaandika haya katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu naona shida ya mjadala huu ni shida ya lugha kwanza. Tunagombana juu ya maneno «baba», «mama» na «mtoto» bila kuulizana maneno hayo yanafanya kazi gani mdomoni mwa yule anayeyatamka.

Kwa msomaji asiyeijua hadithi, na najua walimu wetu wengi wamo katika kundi hilo, nieleze kwa ufupi. SPY×FAMILY ni manga ya Tatsuya Endo iliyoanza kutoka Machi 2019 kwenye Shonen Jump+ ya Shueisha, huko Japani. Kwa Kifaransa inachapishwa na Kurokawa. Anime yake ilianza Aprili 2022, ikitengenezwa na studio mbili kwa pamoja, Wit Studio na CloverWorks. Hadithi inatokea katika nchi mbili za kubuni, Westalis ya magharibi na Ostania ya mashariki, ambazo zilipigana na sasa zinaishi katika amani dhaifu. Mji mkuu wa Ostania unaitwa Berlint, na aliyesoma historia ya Ulaya hahitaji kuelezwa zaidi: ni kivuli cha Berlin ya vita baridi.

Jasusi wa Westalis aitwaye Twilight anapewa kazi ya kumkaribia Donovan Desmond, mwanasiasa wa Ostania anayeogopwa kuwa atairudisha vita. Desmond hujificha sana, isipokuwa katika hafla za shule ya Eden, shule ya watoto wa wakubwa, ambako wanawe wanasoma. Kwa hiyo jasusi anahitaji mtoto wa kumwingiza katika shule hiyo, na mke wa kukaa naye mbele ya walimu siku ya mahojiano. Anajiita Loid Forger, daktari wa magonjwa ya akili. Anamchukua Anya katika nyumba ya yatima, bila kujua kwamba mtoto huyo, aliyetoka katika majaribio ya siri, anasoma mawazo ya watu. Anamwoa Yor Briar, mfanyakazi wa ofisi ya mji, bila kujua kwamba usiku Yor ni muuaji wa kukodiwa. Yor naye hajui kama mumewe ni jasusi. Anayejua yote ni mtoto peke yake, naye ananyamaza. Vichekesho vyote vinatoka katika kunyamaza huko.

Tuanze na jina la ukoo, kwa sababu limebeba mjadala wetu wote. Kwa Kiingereza, forger ni mtu anayeghushi: anatengeneza hati za uwongo, sahihi za uwongo, noti za uwongo. Jasusi amejipa jina linalomshitaki, na msomaji wa Kiingereza anacheka mara moja. Lakini sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaliona jina hilo hilo na kusikia kitenzi: kufua chuma, kazi ya mhunzi. Tangu shule ya msingi tumefundishwa methali inayosema kwamba mtu huwa mhunzi kwa kufua. Ni kweli kwamba Kifaransa pia hutumia kitenzi hicho kwa mtu anayetunga uwongo, na Kiingereza nacho kina karakana ya mhunzi ndani ya neno lile lile. Lugha hizo mbili zimeziweka maana mbili katika mfuko mmoja. Kiswahili kimezitenganisha: kughushi ni kughushi, kufua ni kufua. Kwa hiyo mtu atakayeitafsiri hadithi hii kwa Kiswahili atalazimika kufanya kile ambacho wapenzi wa anime hawajafanya, yaani kuchagua, au angalau kueleza kwa nini hachagui.

Kambi ya kwanza imechagua kughushi. Kambi ya pili inasema kughushi kumegeuka kuwa kitu kingine kwa sababu ya muda. Mimi nasema mambo yote mawili yanafanyika kwa wakati mmoja, na mikono ile ile, lakini hayageukani. Hati ya ndoa ya Loid na Yor ilipatikana kwa uwongo, na itabaki hivyo hata wakae pamoja miaka hamsini. Uwongo hauivi kama ndizi. Kinachotokea ni kwamba, pembeni mwa uwongo huo, kuna matendo yanayofanyika kila siku ambayo tangu mwanzo hayakuwa uwongo. Loid anaamka asubuhi kupika. Anya anahitaji kufundishwa hesabu, na anafundishwa. Yor hajui kupika, chakula chake kinaweza kumlaza mtu chini. Anakwenda kujifunza kwa mwenzake wa kazini mpaka anafaulu kutengeneza mchuzi mmoja anaoukumbuka tangu utoto wake, na siku hiyo nyumba nzima inakula na kushiba. Mchuzi hauwezi kughushiwa. Ama unalika ama haulikiki.

Hapo ndipo Kiswahili kinatupa zawadi ndogo. Kwetu kufua si kazi ya chuma tu, ni pia kazi ya nguo. Mhunzi anafua, na mama aliye kwenye beseni la maji anafua. Kazi moja tunaiheshimu na kuitungia hadithi, nyingine hatuioni mpaka siku tunapokosa shati safi. Familia ya Forger inafuliwa kwa namna zote mbili. Kuna vipindi vya moto na nyundo, watu wakikimbizana na kupigana juu ya paa. Na kuna vipindi vya nyumbani, vya sabuni na sahani, ambavyo wapenzi wengi huviita vipindi vya kujaza nafasi. Nionavyo mimi, vipindi hivyo vya pili ndivyo vinavyojibu swali letu.

Sasa tuje kwenye neno «baba» lenyewe. Wengi wetu tunaitazama anime hii kwa Kifaransa, au kwa sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Katika maandishi hayo Anya anasema Papa na Mama, basi. Lakini anayetega sikio atasikia kwamba kwa Kijapani mtoto yule anasema chichi na haha. Walio na nafasi ya kujifunza Kijapani kidogo wanajua kwamba hilo ni jambo la ajabu. Chichi ni neno ambalo mtu hutumia akimtaja baba yake mwenyewe mbele ya watu wa nje, kwa unyenyekevu; haha vilevile kwa mama. Mtoto anayemwita baba yake nyumbani husema otosan, au papa. Neno chichi ni la kumsema mtu, wala si la kumwita. Anya analitumia kumwitia mtu aliye mbele yake.

Unaweza kusema ni utani tu wa mtoto asiyejua kusema vizuri, kwani Anya huharibu maneno mengi. Hata salamu ya asubuhi anaikata na kuibandika vibaya, anasema ohayaimasu. Kweli, ni utani. Lakini utani mzuri una sababu. Mtoto wa kawaida hujifunza neno la kumwita baba kabla ya neno la kumtaja baba, kwani baba yupo. Anya amekulia katika maabara na katika nyumba za yatima, na zaidi ya mara moja amechukuliwa na watu kisha akarudishwa. Kwa maoni yangu, yeye amejifunza neno «baba» kama anavyolijua mtu wa nje: ni kitu ambacho watu wengine wanacho na wanakitaja. Alipopata wa kwake, akamwita kwa neno hilo hilo, kwa kuwa hakuwa na lingine. Kichekesho kinachotupita haraka katika tafsiri kinabeba historia yote ya mtoto.

Je, sisi tungefanyaje kwa Kiswahili? Hapa naomba walimu na wenzangu wa idara ya tafsiri wanisaidie. Tukiandika «Baba» tu, tumefanya kama watafsiri wa Kiingereza: ni sahihi, na kila kitu kimepotea. Hapa kwetu kijana akizungumza na wenzake juu ya baba yake husema «mzee» au «mzee wangu». Tukimpa Anya neno hilo, mtoto mdogo anaingia jikoni na kusema: «Mzee wetu, nina njaa.» Msomaji atacheka, na atacheka mahali panapofaa, kwa kuwa atasikia mtoto aliyevaa neno lisilo saizi yake. Lakini «mzee» ina heshima ya umri na ukaribu wa mtaani, na chichi haina ukaribu huo. Labda «baba yangu», kila mara, hata akimwita: «Baba yangu! Baba yangu, njoo!» Kwa namna hii mtoto anasikika kama anayehakikisha mali yake isije ikachukuliwa. Mimi ningechagua hili la mwisho. Najua si kila mtu atakubali, na ndiyo sababu ninapendekeza liwe zoezi darasani kabla ya kuwa ugomvi wa koridoni.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito kwa sababu maneno yetu ya ukoo hayajawahi kungoja damu. Ndugu wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa. Dada wa mama ni mama mdogo. Mwanamume wa rika la baba, hata ukikutana naye sokoni kwa mara ya kwanza, unamwita papa. Mtoto aliyeletwa nyumbani kwa sababu wazazi wake wamefariki, au vita imewatawanya, anaitwa mtoto wa nyumbani, na watoto wengine wanamwita yaya au mdogo wetu kulingana na umri. Hatusemi kwamba tumeghushi. Mwingine atasema: basi kwetu swali la wapenzi wa anime halina maana, Forger ni familia, tufunge mjadala. Hapana. Sisi tunaotoa neno «baba» kwa urahisi tunajua vizuri kuliko wengine kwamba neno linaweza kutolewa bila kufuatwa na kitu chochote. Kila mmoja wetu amemwona, katika mtaa wake, mtoto anayeitwa «mwanangu» mbele ya wageni, na wageni wakiondoka anakuwa mtumishi. Neno ni lile lile. Tofauti iko katika kazi inayofuata neno.

Kwa kipimo hicho, Loid Forger anafaulu wapi na anashindwa wapi? Anafaulu siku ya mahojiano ya Eden. Mwalimu mmoja, mwenye hasira zake mwenyewe, anamuuliza Anya ni mama yupi aliyekuwa bora, yule wa zamani au huyu wa sasa. Mtoto anaanza kulia. Kwa jasusi, jibu sahihi ni kutabasamu, kwani mtihani huo ndio mlango wa kazi yake yote, na amani ya nchi mbili iko ndani yake. Loid anapiga meza mpaka inavunjika. Kisha anasingizia kwamba aliona mbu. Anawaambia walimu kwamba kama shule yao inaona ni sawa kudharau moyo wa mtoto, basi yeye ndiye amekosea kuichagua. Uwongo uko pale, ule wa mbu, nao ni mdogo na wa kuchekesha. Lakini ngumi haikuwa uwongo. Kambi ya kwanza haina namna ya kuieleza ngumi ile, na kambi ya pili haiwezi kusema kwamba muda ndio uliofanya kazi, kwani familia ile ilikuwa haijakaa pamoja muda wowote wa kuhesabika.

Anashindwa mahali pengine, na hapo ndipo nawalaumu wapenzi wenzangu kwa kufumba macho. Tangu mwanzo mpango wa Loid ni huu: kazi ikiisha, familia inavunjwa, na mtoto anatafutiwa mahali pengine pa kukaa. Anaurudia mpango huo kichwani mwake mara nyingi. Sisi watazamaji tunacheka kwa sababu tunaona moyo wake umeshamsaliti. Lakini kichwa hicho Anya anakisoma! Mtoto aliyekwisha kurudishwa anakaa mezani, anakula, na anasikia baba akiwaza siku ya kumrudisha. Anajua kwamba kukaa kwake nyumbani kunategemea nyota za Stella atakazopata shuleni. Zikifika 8, anaingia katika kundi la wanafunzi bora ambao wazazi wao hukutana na Desmond. Adhabu za Tonitrus zikifika 8, anafukuzwa. Basi anajitahidi, si kwa kupenda masomo, bali kwa kutetea kitanda chake. Ukiondoa muziki na rangi, hilo ni jambo zito sana kumwekea mtoto anayedai kuwa na miaka 6 na ambaye huenda hajafika. Anayesema «wanapendana, basi yote ni sawa» hajaangalia kutoka upande wa yule anayesikia.

Hadithi yenyewe, nadhani, inajua jambo hili. Angalieni jinsi nyota ya kwanza ilivyopatikana. Loid anampeleka Anya kusaidia kazi hospitalini, akitumaini atasifiwa, na mtoto anavuruga kila kitu. Kisha Anya anasikia wazo la mtoto mwingine anayezama ndani ya bwawa la maji na kuomba msaada bila sauti. Hawezi kusema amejuaje. Akisema, siri yake imefichuka, na anaogopa kwamba siri ikifichuka atarudishwa. Anajifanya ana sababu nyingine, anakimbia, anajitupa majini. Katika tukio hilo moja kuna uwongo na kuna ukweli, na vyote viwili ni vya mtu mmoja. Uwongo unailinda siri, na mwili wake unaingia majini. Tukimhukumu kwa maneno yake, amedanganya. Tukimhukumu kwa alichofanya, ni mtu wa kweli kuliko watu wazima wote wa jengo lile.

Kuna somo jingine kwetu wanafunzi wa lugha. Anya anasikia mawazo, yaani anapata kile ambacho sisi tunakitafuta kwa taabu katika kila maandishi: nia ya msemaji. Ingetosha kumfanya awe msomaji bora duniani. Lakini sivyo. Anasikia kila kitu na anaelewa nusu. Anasikia maneno ya kikubwa asiyoyajua, anayaunganisha na katuni za majasusi anazopenda, anafika kwenye hitimisho la kuchekesha. Mara nyingi anamwelewa vibaya Damian, mtoto wa Desmond, ingawa ana mawazo yake yote mkononi. Kupewa nia ya mtu si kupewa maana. Maana inahitaji kuishi na mtu, kujua jana yake, kujua anachokiogopa. Kila siku tunarudia sentensi hiyo darasani kwa majina makubwa. Mtoto huyu anaionyesha kwa dakika 20.

Nisiisifu kazi hii kupita kiasi, kwani ina udhaifu ambao kicheko hakiwezi kuufunika. Yor anaua watu. Shirika linalomtuma, Garden, linampa majina, naye hauliziulizi. Wanaouawa huonyeshwa karibu kila mara kama watu waovu, wasio na nyumba wala mtoto anayewangoja. Katika hadithi inayotufundisha kwamba kila mtu ana uso wa pili nyumbani kwake, kuwanyima hawa uso huo ni kujipendelea. Ndugu yake Yuri ni vilevile: anampenda dada yake kwa namna inayochekesha, na kazini ni polisi wa siri anayetesa watu kwenye chumba cha mahojiano. Hadithi inajua kwamba hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, inayaonyesha waziwazi, kisha inakimbilia utani. Kwa mtazamaji wa nchi ambayo haijui chumba cha namna hiyo, labda inapita. Kwetu haipiti kirahisi hivyo, na sioni aibu kusema kwamba katika vipindi fulani sikucheka.

Lakini udhaifu huo usitufanye tusione mahali ambapo hadithi ni kali. Kwa nini Yor alikubali kuolewa na mtu asiyemjua? Kwa sababu katika Ostania mwanamke wa miaka 27 asiye na mume anaanza kushukiwa na majirani, na jirani anayeshuku anaweza kupiga ripoti kwa polisi wa siri. Yor anahitaji mume kama mtu anavyohitaji kitambulisho. Loid anahitaji mke kama ufunguo wa mlango wa shule. Serikali ile inaiheshimu sana familia, kwa midomo. Kwa vitendo imeifanya kuwa karatasi ya kuonyesha kwenye kizuizi. Basi nani ameghushi kwanza? Nchi inayomlazimisha kila mtu kuonyesha familia ili asishukiwe inatengeneza yenyewe familia za kuonyesha. Jambo la ajabu ni kwamba watu watatu walioingia katika karatasi hiyo kwa woga wameanza kuijaza kwa kitu ambacho nchi haikukiomba. Loid alimvisha Yor, kama pete ya ndoa, pini ya bomu la mkono katikati ya mapigano. Ukitaka picha moja ya hadithi yote, chukua hiyo: chombo cha vita kimefanywa pete, na bomu limelipuka hata hivyo.

Kuna wanaosema pia kwamba ni vibaya kutengeneza vichekesho juu ya vita. Walio na ndugu waliokimbia makwao wana haki ya kuuliza. Ninawajibu kwa sura zinazosimulia utoto wa Loid. Hapo utani unazimika. Mtoto anacheza vita na rafiki zake. Anataka silaha za kuchezea. Anamwomba baba yake pesa akisema ni za kitabu cha masomo. Baba anampa. Kisha vita ya kweli inaingia mjini, na mtoto yule hapati tena nafasi ya kumwambia baba yake ukweli. Huo ndio uwongo wa kwanza wa mtu ambaye baadaye atafanya uwongo kuwa kazi, kwa lengo moja analolirudia: dunia ambayo watoto hawalazimiki kulia. Vita haichekwi pale. Na anayeelewa sura hizo anaelewa kwa nini mtu huyo anakuwa na uvumilivu wote ule kwa mtoto anayedanganya juu ya alama zake za hesabu.

Nimalizie kwa alama ndogo ambayo wengi hawaioni. Jina la kazi hii linaandikwa na alama ya × katikati ya maneno mawili, lakini kwa Kijapani alama hiyo haitamkwi. Unaandika SPY×FAMILY, unasoma «spy family». Ipo kwa macho, haipo kwa sikio. Mimi naona ndiyo jibu la mjadala wetu. Kati ya uwongo wa Loid na nyumba ya Loid kuna kiungo ambacho hakuna aliye ndani ya nyumba anayeweza kukitamka, kwani atakayekitamka atabomoa. Kila mtu anakiandika kwa vitendo: kwa kupika, kwa kungoja mlangoni, kwa kuvunja meza, kwa kunyamaza.

Kwa hiyo kwa wenzangu wanaongoja kwa hamu kipindi ambacho siri zote zitafichuka, nasema hivi. Siku hiyo ikifika, haitatuonyesha kama walikuwa familia. Hilo tutakuwa tumekwisha kulijua kwa kuangalia nani alifua na nani alighushi, siku baada ya siku. Itatuonyesha jambo moja tu: kama Loid atamrudisha mtoto au hatamrudisha. Akimrudisha, neno «baba» litakuwa limeghushiwa tangu kipindi cha kwanza, na mapenzi yote ya katikati hayataliokoa. Asipomrudisha, Anya anaweza kuendelea kulisema vibaya maisha yake yote, na litakuwa sahihi.

Kwa walimu wetu nina ombi. Msiseme katuni si kitu cha kitivo. Tuleteeni kipindi kimoja darasani, kwa Kijapani, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na tupeni wiki mbili za kukiweka katika Kiswahili ambacho mtoto wa mtaa wetu angekielewa. Tutagombana juu ya neno moja la mtoto mdogo, na katika ugomvi huo tutalazimika kusema wazi, kila mmoja kwa lugha ya mama yake, baba ni nani.